Mshubiri wa nyika: Ua la kiangazi linalofaa viwanja vya Theta

MSHUBIRI ni miongoni mwa mimea michache ya asili ya Kenya inayoweza kupandwa kwenye udongo mkavu wa kichanga, ikakaa miezi kadhaa bila kumwagiliwa maji, na bado ikachanua. Kwa wakazi wa Theta, wadi iliyo katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, kati ya miji ya Ruiru na Thika, sifa hiyo si ya kupuuzwa. Mashamba makubwa ya zamani yanaendelea kukatwa kuwa viwanja vya makazi, nyumba zinainuka kila uchao, na mwenye nyumba anayenunua maji kwa mtungi hawezi kuyamwaga kwenye maua.

Hata hivyo, mmea huu usiokufa kwa kiu huangamia kwa urahisi kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji yanayotuama kwenye mizizi yake. Ya pili ni mikono ya binadamu, anayeung'oa mwituni au kuufukia kwa tingatinga anapotayarisha kiwanja. Anayetaka kuufaidi hana budi kuzielewa hatari hizo mbili kabla ya kushika jembe.

Jina moja, mimea mingi

Neno shubiri lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili hutaja utomvu mchungu wa mmea huu. Ndiyo maana jambo linalouma moyo husemwa kuwa ni chungu kama shubiri. Mmea wenyewe ni mshubiri, na baadhi ya kamusi huuandika msubili. Wakamba huuita kiluma, Wamaasai osukuroi na Waluo ogaka. Wataalamu wa mimea huuweka katika jenasi ya Aloe, yenye spishi zaidi ya 500 duniani, nyingi zikiwa za Afrika, Madagaska na Bara Arabu. Kenya peke yake ina spishi zipatazo 60.

Wengi nchini huiita mishubiri yote "alovera". Hilo ni kosa linalozaa makosa mengine. Aloe vera, ile ya sabuni na mafuta ya kupaka, asili yake ni Bara Arabu na ililetwa katika nchi nyingine na wasafiri na wafanyabiashara. Majani yake ni ya kijani kilichofifia kama jivu, maua yake ni ya manjano, na huzaa machipukizi mengi pembeni. Mishubiri ya asili ya Kenya ni tofauti nayo kwa umbo, kwa matumizi na hata kisheria.

Spishi mbili za asili ndizo zinazofaa zaidi kwa bustani za Theta na maeneo jirani. Ya kwanza ni Aloe secundiflora, inayoota katika nyika na mbuga kavu za Kenya na Tanzania. Haina shina la kuonekana. Majani yake manene ya kijani kibichi hupangika kama bakuli ardhini, na kingo zake zina miiba ya rangi ya kahawia. Kikonyo cha maua huinuka mita moja au zaidi na kugawanyika matawi yanayolala kiubavu. Maua mekundu hujipanga upande mmoja wa kila tawi, yakitazama juu. Upangaji huo ndio ulioipa spishi hii jina lake la Kilatini.

Ya pili ni Aloe lateritia. Hii hutambulikana kwa madoa meupe yaliyotapakaa kwenye majani, na kwa maua ya rangi ya tofali yanayokusanyika kileleni kama kichwa kilichobapa. Hupatikana katika nyasi na miamba ya nyanda za juu, na aghalabu hukua kwa makundi.

Upo pia mmea unaochanganywa na mshubiri, nao ni mkonge, ambao wengi Kenya huuita katani. Watu wa Juja na Thika wanaufahamu vyema kwa kuwa mashamba makubwa ya mkonge yalikuwapo huko kwa miaka mingi. Mkonge asili yake ni Meksiko, nao huchanua mara moja tu katika maisha yake kisha hufa. Mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka. Tena, ukikata jani la mkonge utapata nyuzi. Ukikata la mshubiri utapata ute, na kwenye ganda utaona utomvu wa manjano ukichuruzika.

Siri ya kuhimili ukame

Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni inayohitajika kutengeneza chakula. Katika kufanya hivyo hupoteza maji mengi kwa sababu ya jua na upepo. Mshubiri hufanya kinyume. Mchana hufunga vinyweleo vyake. Usiku, baridi inapoingia, huvifungua, huvuta hewa hiyo na kuihifadhi katika hali ya asidi hadi jua linapochomoza. Kwa njia hiyo hutumia maji kidogo sana.

Isitoshe, jani lake ni tangi. Ute ulio ndani huhifadhi maji, na ngozi ya nje ina utando kama nta unaozuia maji yasivukizwe. Mizizi yake haiendi chini sana. Husambaa karibu na uso wa ardhi ili kunyonya hata manyunyu ya mvua fupi. Kiangazi kikizidi, majani hukunjamana kwa ndani na kugeuka rangi ya kahawia au nyekundu. Mtu asiyeujua mmea huu hudhani unakufa na kukimbilia ndoo ya maji. Kwa kweli mmea huwa unajikinga tu, na rangi yake ya kijani hurejea mvua inaponyesha.

Maumbile hayohayo yanayouwezesha kuhifadhi maji ndiyo yanayoufanya ushindwe kustahimili unyevu wa muda mrefu. Mizizi inayoishi karibu na uso wa ardhi huhitaji hewa. Maji yakijaza nafasi zote za udongo kwa siku kadhaa, mizizi hukosa hewa, kuvu huingia, na uozo hupanda hadi kwenye kitovu cha majani. Dalili ya kwanza ni majani ya chini kulegea na kuwa kama yaliyochemshwa. Mara nyingi dalili hiyo inapoonekana, mmea hauponi tena.

Udongo na majira ya Theta

Kaunti ya Kiambu hubadilika sana kadiri mtu anavyoteremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa juu, wenye majani chai na kahawa, una udongo mwekundu wenye kina na rutuba. Upande wa chini, kuelekea Juja na tambarare zinazopakana na Machakos, mvua hupungua na udongo hubadilika. Sehemu nyingine zina tabaka jembamba la udongo juu ya murram au mwamba. Nyingine zina udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa jua.

Udongo wa tabaka jembamba juu ya murram, ambao wakulima wa mboga huudharau, ni mzuri kwa mshubiri iwapo uko mahali penye mteremko. Udongo mweusi ndio wenye shida. Anayedhani kwamba mmea wa jangwa utaota popote pakavu hudanganyika na jua la Februari, akasahau kwamba ardhi hiyohiyo mwezi wa Aprili hugeuka kinamasi.

Majira nayo yana mafunzo. Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Baada ya masika huja miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo mawingu hufunika jua na baridi huzidi. Ardhi iliyoloa wakati wa masika huchukua muda mrefu kukauka katika baridi hiyo. Huo ndio wakati mshubiri huoza zaidi. Kwa sababu hiyo, mche unaopandwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba huwa na nafasi nzuri kuliko wa Aprili: hupata mvua fupi ya kushika mizizi, kisha jua la Januari na Februari la kuukomaza kabla ya masika.

Kutayarisha mahali pa kupanda

Hatua ya kwanza ni kuupima udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yakauke, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha katika muda wa saa chache, udongo unafaa. Yakilala hadi kesho yake, usipande hapo kabla ya kuinua tuta.

Tuta linafaa kuwa na kimo cha sentimita 30 hivi. Chini kabisa hutandazwa mawe au vipande vya matofali ili maji yapite. Juu yake huwekwa mchanganyiko wa sehemu moja ya udongo wa kawaida na sehemu moja ya mchanga wenye chembe kubwa, pamoja na kokoto ndogo. Si lazima kununua kila kitu. Katika eneo linalojengwa kama Theta, mchanga wa mto unaobaki baada ya nyumba kukamilika hutosha kwa matuta kadhaa, mradi usiwe umechanganyika na saruji au chokaa.

Machimbo ya mawe ya ujenzi ya Ndarugu, yanayojulikana mno na mafundi wa Nairobi na Kiambu, nayo hutoa mabaki mengi. Vipande vidogo vya mawe hayo vinafaa kuchanganywa na udongo. Vumbi laini la mashine ya kukatia mawe halifai: likiloa huziba nafasi za hewa na kugandamana, na likitumika kwa wingi hurudisha shida ileile iliyokuwa inaepukwa.

Mbolea si ya lazima. Koleo moja ya mboji iliyooza kabisa katika kila tuta inatosha. Samadi mbichi na mbolea za naitrojeni hufanya majani yawe makubwa na laini, yasiyo na nguvu ya kukabili wadudu wala jua, na huchelewesha maua.

Kuotesha kwa mbegu

Aloe secundiflora huota kwa upweke na kwa nadra sana hutoa machipukizi. Kwa hivyo njia ya kuuzidisha ni mbegu. Hapa ndipo wauzaji wengi wa miche hutafuta njia ya mkato kwa kung'oa mimea iliyokomaa porini. Mbegu hazihitaji utaalamu mkubwa. Huhitaji subira tu.

Maua yakinyauka, hufuatwa na vitumba vyenye vyumba vitatu. Vitumba vikibadilika kutoka kijani kuwa kahawia na kuanza kupasuka nchani, huchumwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu. Baada ya siku chache hufunguka na kutoa mbegu nyepesi za kahawia au nyeusi zenye mbawa nyembamba. Mbegu hizo hupeperuka kwa upepo, kwa hiyo anayesubiri hadi vitumba vifunguke vyote shambani hukuta vitupu.

Ni vyema kuwa na angalau mimea miwili isiyotokana na mama mmoja. Mishubiri mingi haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, hata ikichanua vizuri namna gani. Ndege aina ya chozi, wenye midomo myembamba iliyopinda, ndio wanaohamisha chavua wanapokunywa asali ya maua, wakisaidiwa na nyuki.

Kitalu kinaweza kuwa beseni kuukuu lililotobolewa chini. Lijazwe mchanga wenye chembe kubwa uliochanganywa na udongo kidogo, mbegu zinyunyizwe juu na kufunikwa kwa utando wa mchanga usiozidi unene wa mbegu zenyewe. Beseni huwekwa kwenye kivuli chepesi na kunyunyiziwa maji kiasi cha kuufanya mchanga uwe na unyevu bila kuloa. Miche huanza kuchomoza kati ya wiki mbili na nne. Ikiwa na majani manne au matano huhamishiwa kwenye mifuko ya miche, na kuzoezwa jua polepole. Itachukua kiasi cha mwaka mmoja kabla ya kuwa imara ya kupandwa nje, na miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchanua.

Kupanda machipukizi

Aloe lateritia inayokua kwa makundi hurahisisha kazi. Machipukizi hutenganishwa na mama yake wakati wa jua, kwa kisu kikali na safi, kila moja likiwa na mizizi kidogo. Kosa la kawaida ni kulipanda papo hapo na kulimwagilia. Kidonda kibichi ndani ya udongo uliolowa ni mlango wa kuvu. Chipukizi lilazwe kivulini kwa siku tano hadi saba mpaka kidonda kikauke na kufunga, ndipo lipandwe kwenye mchanga mkavu, na maji ya kwanza yatolewe baada ya wiki nyingine moja.

Iwe ni mche wa mbegu au chipukizi, shina la majani libaki juu ya udongo. Mche uliofukiwa hadi kwenye majani hukusanya maji kwenye kitovu. Kati ya mche na mche paachwe nafasi ya sentimita 60 hadi mita moja, kwa kuwa Aloe secundiflora hutanuka. Mahali pawe pa jua kamili. Chini ya kivuli cha ukuta au mti mkubwa mmea utaishi, lakini majani yatarefuka na kulegea, na maua yatakuwa haba.

Utunzaji

Katika miezi mitatu ya kwanza mche humwagiliwa mara moja kila wiki mbili iwapo hakuna mvua. Baadaye, mara moja kwa mwezi hutosha hadi mwaka uishe. Kuanzia mwaka wa pili, mshubiri ulio ardhini hauhitaji maji isipokuwa katika kiangazi kirefu kupita kiasi. Maji yamwagwe pembeni, si katikati ya majani. Katika miezi ya Juni hadi Agosti ndoo iwekwe mbali kabisa.

Magugu yang'olewe kwa mkono kwa sababu jembe hukata mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi. Nyasi kavu hazifai kutandazwa kuzunguka shina kwani hushika unyevu. Kokoto ni bora, na huzuia matope yasirukie majani. Majani ya chini yaliyokauka yaachwe mpaka yatoke yenyewe, kwani hukinga shina dhidi ya jua kali. Vikonyo vya maua hukatwa baada ya mbegu kukusanywa.

Wadudu na magonjwa

Mshubiri una adui wachache. Vidugamba vyeupe hujibandika kwenye majani kama unga uliokauka na kunyonya maji yake. Husuguliwa kwa brashi laini na maji ya sabuni. Vidukari hujificha kwenye kikonyo kichanga cha maua na huondolewa kwa njia hiyohiyo.

Hatari zaidi ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaosababisha uvimbe wenye vifundo kwenye majani na maua, mfano wa saratani. Uvimbe huo hauponi. Sehemu iliyovimba hukatwa hadi kwenye nyama safi na kuchomwa moto, na kisu husafishwa kabla ya kugusa mmea mwingine. Mmea ulioshambuliwa kitovuni ni afadhali ung'olewe wote.

Manufaa na tahadhari

Manufaa ya kwanza ni ya bustani yenyewe. Mishubiri huchanua hata wakati maua mengine yamekauka, na huwapa nyuki na chozi chakula katika kipindi kigumu. Mizizi yake hushika udongo kwenye miteremko, na ikipandwa kwa karibu huwa ua wa mipaka usiohitaji kukatwakatwa.

Wafugaji wengi wa kuku nchini huponda majani ya mshubiri na kuyatia kwenye maji ya kunywa ya kuku. Watafiti wa Kenya na Tanzania wameichunguza Aloe secundiflora kuhusiana na maradhi ya kuku, ukiwemo ugonjwa wa kideri. Pamoja na hayo, kinga inayotegemewa dhidi ya kideri ni chanjo, na mfugaji asiiache kwa sababu ana mshubiri nyuma ya banda.

Kwa binadamu, tahadhari ni kubwa zaidi. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani una kemikali iitwayo aloini, inayoharisha kwa nguvu. Mwaka 2002, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa utomvu huo ziondolewe katika orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa. Wajawazito na watoto hawafai kuunywa kabisa. Tena si kila mshubiri ni sawa na mwingine: Aloe ballyi, iliyopewa jina la mtaalamu wa mimea Peter Bally na inayopatikana kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ina sumu kali. Anayekunywa maji ya "alovera" asiyoijua anacheza na maisha yake.

Kwa mtu asiye na uhakika wa spishi aliyo nayo, hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyo katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, ndiyo penye hazina kubwa ya sampuli za kulinganishia. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye makao yake makuu Muguga, pia katika Kaunti ya Kiambu, imefanya kazi kuhusu upanzi na uvunaji bora wa mishubiri ya asili.

Sheria inavyosema

Utomvu wa mshubiri uliokaushwa ni bidhaa ya biashara, na kwa miongo mingi ulivunwa porini katika maeneo kame kama Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana. Wavunaji waliokuwa na haraka waling'oa mimea mizima. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa mshubiri wa mwituni kwa agizo la rais. Biashara haikukoma, iliingia gizani, na mvunaji akawa anamuuzia dalali kwa bei ya kutupa.

Katika miaka ya 2000 mwelekeo ulibadilika. Kiwanda kilijengwa Koriema, Baringo, ili utomvu uvunwe kwa utaratibu na wananchi wahimizwe kuupanda mmea badala ya kuumaliza. Mwaka 2007 zilitolewa kanuni maalumu za mishubiri, na usimamizi ukawa mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kimataifa, mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo katika orodha za Mkataba wa CITES, na haiwezi kuvushwa mipaka ya nchi bila kibali. Mgeni anayebeba mche wa Aloe secundiflora ndani ya sanduku lake kwenda Ulaya anavunja sheria, hata kama aliununua kwa nia njema.

Mwenye bustani anayepanda miche iliyooteshwa kwa mbegu hana la kuogopa. Anayepaswa kujiuliza ni yule anayenunua mshubiri mkubwa kando ya barabara kwa bei nafuu. Mmea wa kitalu huwa na mizizi mizima iliyojaa kwenye mfuko, na majani yaliyolingana. Mmea wa porini huwa na mizizi iliyokatwa, makovu ya malisho, ncha zilizokauka na udongo wa rangi nyingine ulioshikamana na shina. Mnunuzi akiukataa, muuzaji hatakuwa na sababu ya kurudi porini kuchimba mwingine.

Kuokoa iliyopo

Kabla ya kununua hata mche mmoja, mwenye kiwanja kipya atembee kwenye ardhi yake. Katika sehemu zenye mawe na kwenye kingo za vijito, ambako jembe la trekta halikufika, huenda mishubiri ya asili ingalipo. Mingi hupotea kwa siku moja, tingatinga linapokuja kusawazisha ardhi, na wenyewe wasijue kilichopotea.

Mmea uliokomaa unaosimama mahali pa msingi wa nyumba unaweza kuhamishwa. Huchimbwa kwa kuacha upana wa sentimita 20 hivi kuzunguka shina, mizizi iliyojeruhiwa ikakatwa kwa usafi, na mmea ukaachwa kivulini wiki moja kabla ya kupandwa upya kwenye tuta la mchanga. Majani yaelekezwe upande uleule wa jua yalikokuwa mwanzo ili yasiungue. Aghalabu hukaa miezi kadhaa bila dalili ya kukua, kisha jani jipya huchomoza kitovuni.

Hiyo ndiyo kazi ya haraka zaidi kwa Theta ya leo. Mchanga unaweza kununuliwa, na tuta linaweza kuinuliwa mwaka wowote. Lakini mbegu za mishubiri iliyozoea jua na mawe ya tambarare hizi hupatikana kwa mimea iliyosalia hapa tu, na idadi yake hupungua kila kiwanja kinapofyekwa.